Nimegundua kosa kwenye mchoro ambao bosi ameshausaini. Niseme au ninyamaze?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 25. Nilimaliza shahada ya uhandisi mitambo mwaka juzi, na sasa nina miezi minane kwenye kampuni ndogo hapa Dar es Salaam inayounda mikono ya roboti ya kupanga maboksi viwandani. Tuko watu kumi na mmoja. Kwenye mkataba naitwa mhandisi mchoraji msaidizi, ofisini naitwa binti wa michoro. Wakubwa wanaunda modeli kwenye kompyuta, mimi naigeuza kuwa mchoro wenye mionekano, vipimo na toleransi (kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kupishana), halafu mchoro unakwenda kwa mafundi. Sehemu ikitoka vizuri hakuna anayekumbuka nani alichora. Ikitoka vibaya, naitwa.

Miezi mitatu iliyopita nilichora nyumba ya beringi ya kiungo cha kifundo, pale mkono wa roboti unapojikunja kabla ya kishikio. Ni kipande cha alumini chenye matundu mawili ya milimita 28, kila moja linabeba beringi ya namba 6001. Nikaandika toleransi ya H7 kama kitabu kinavyosema. Sampuli ilichongwa hapahapa karakana yetu, na beringi iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, taratibu, ikakaa. Nilifurahi siku ile, Shangazi, sikufichi.

Baadaye mteja akasema anataka mkono uwe mweusi. Mhandisi wetu mkuu akanitumia ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku: "Weka anodaizi nyeusi, ile ngumu." Asubuhi nikaongeza mstari mmoja wa utando huo kwenye maelezo ya mchoro, nikabadilisha toleo A kuwa B, nikampelekea. Alisaini kwenye kisanduku cha "Amekagua" huku anaongea na simu. Mchoro ukatumwa karakana moja ya Shenzhen, China, vipande 40, na karibu shilingi milioni 5 zikalipwa.

Alhamisi iliyopita nilishuka na chai yangu karakana. Kuna mzee pale, mkerezaji, ana miwani imefungwa kwa uzi. Akauchukua mchoro uliokuwa mezani, akaweka kidole juu ya lile tundu, akaniuliza, "Mwanangu, hii rangi inaingia mpaka humu ndani?" Nikacheka, nikamwambia ni nyembamba tu, haina shida. Akanyamaza.

Usiku sikulala. Nikafungua maelezo ya ile karakana ya China: anodaizi yao ngumu ni mikroni 50, yaani sehemu 50 za elfu za milimita. Nikapiga hesabu mara tatu. Tundu litabana na beringi hazitaingia.

Mpaka leo sijamwambia mtu, isipokuwa kaka mmoja wa upande wa programu. Yeye kaniambia, "Nyamaza. Sahihi iliyoko pale ni yake. Ukisema utakuwa umejichongea mwenyewe." Wakati huohuo karakana ya China wametuandikia kwamba vipande vinachongwa, wakimaliza watavipeleka kupakwa. Mwaka jana fundi mmoja hapa alikatwa mshahara kwa kuvunja kifaa. Mimi nina mama Muheza na mdogo wangu yuko kidato cha tatu, ada ni juu yangu.

Nawaza kuacha kazi kabla mzigo haujafika. Na nawaza jambo jingine linaloniuma zaidi: pengine mimi si mhandisi, ni mchoraji tu, ndiyo maana sikuliona hili.

Nisaidie, Shangazi.
Binti wa Michoro, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nilikujibu kwa ujumbe mfupi usiku uleule, kwa sababu barua ya namna hii haisubiri safu kuchapwa. Nilikuandikia: "Sema kesho asubuhi, kabla ya chai. Vipande havijapakwa bado." Mpaka naandika haya sijapata jibu lako. Umeniruhusu niiweke barua hapa, basi nitaeleza kwa kirefu kwa nini nilikuambia vile, nikijua wapo vijana wengine wenye siri kama hii kwenye droo zao.

Kwanza hesabu yako. Nimeirudia na kalamu yangu na iko sawa. Tundu la 28 H7 linaruhusiwa kuwa kati ya milimita 28.000 na 28.021. Anodaizi si rangi inayopakwa juu kama ya ukutani. Ni alumini yenyewe inayogeuzwa kuwa oksaidi, na kwa ile ngumu takribani nusu ya utando huzama ndani ya kipande, nusu nyingine huota juu yake. Kwa utando wa mikroni 50, kila upande wa tundu unaota mikroni 25. Pande mbili, tundu limepungua mikroni 50. Litabaki kati ya 27.950 na 27.971. Beringi 6001 ya kawaida kwa nje ina kati ya 27.991 na 28.000. Hata ukikutanisha tundu kubwa kuliko yote na beringi ndogo kuliko zote, bado kuna mikroni 20 za kubana. Kati ya beringi 80 unazozihitaji, hakuna hata moja itakayoingia kwa kidole gumba.

Na hatari kubwa zaidi ni kwamba zitaingia kwa nguvu. Mtu atachukua presi, au nyundo na kipande cha bomba, na zitaingia. Beringi ya ukubwa huo inatoka kiwandani na nafasi ya ndani ya mikroni 3 hadi 18 tu, kati ya gololi na njia zake. Ukiiminya pete ya nje ya beringi, nafasi ile inakwisha. Kiungo kitazunguka kwa ukakasi, mota itavuta umeme zaidi na kupata joto, mkono utaacha kusimama pale ulipoamriwa. Miezi miwili baadaye yule kaka wa programu ndiye atakayekesha akitafuta kosa kwenye programu yake, na kosa halipo huko. Mkumbushe hilo, kwa upole, siku atakapokuambia tena unyamaze.

Sasa kuhusu kunyamaza. Nimechora miaka 31, kumi ya kwanza kwenye ubao, kwa kalamu ya wino na wembe wa kukwangulia makosa. Mwaka wangu wa pili kazini tuliletewa mchoro wa Kimarekani, wa mpangilio wa pembe ya tatu, ambapo sura ya kushoto ya kitu inachorwa kushoto. Sisi tulizoea pembe ya kwanza, ambapo sura ya kushoto ya kitu inachorwa upande wa kulia. Ile alama ya koni iliyokatwa na duara zake, inayoonyesha ni mpangilio upi, ilikuwepo pale chini, sikuitazama. Nikauhamishia mchoro kwenye karatasi zetu kwa mazoea, mabano ya chuma 16, na karakana ikaanza kukata. Kipande cha nne kilipotoka nilikishika mkononi, nikakigeuza, nikaelewa: kilikuwa cha kushoto, na mteja aliagiza cha kulia. Nikakirudisha juu ya meza, nikaenda zangu. Nilikuwa na umri kama wako. Nilinyamaza siku tatu, mpaka kipande cha 16. Vile vinne vya kwanza msimamizi alinisamehe siku ileile. Vile 12 alinikumbusha kwa miaka, na alikuwa na haki, maana mashine ilikuwa inakata wakati mimi najua.

Wewe leo uko kwenye kipande cha nne.

Kwa hiyo usiende kwa mhandisi wako na machozi, wala usianze na "samahani naomba usinielewe vibaya." Nenda na namba. Mimi ningeandika hivi, na ningemfuata mpaka mezani kwake asome nikiwa nimesimama:

"Mhandisi, habari za asubuhi. Kuna kosa kwenye mchoro wa nyumba ya beringi ya kifundo, toleo B. Tundu la 28 H7 litapakwa anodaizi pamoja na sehemu nyingine, kwa sababu mchoro hausemi lizibwe. Utando wa mikroni 50 utalipunguza mpaka kati ya 27.950 na 27.971 na beringi haitaingia. Vipande bado vinachongwa. Naomba ruhusa niwaandikie Shenzhen sasa hivi wasitishe upakaji mpaka wapokee toleo C. Toleo C liko tayari, nimeliambatisha ulikague."

Umeona? Hakuna nani alisema nini saa nne usiku. Hilo lina wakati wake. Asubuhi hiyo kitu pekee chenye thamani ni ile barua kwenda China, na kila sentensi inayoichelewesha iache nje.

Kwenye toleo C weka mambo mawili, kwa lugha ambayo wale mafundi wa Shenzhen wanaitumia kazini. La kwanza: vipimo vyote kwenye mchoro ni vya baada ya kupakwa. La pili: matundu mawili ya 28 H7 yazibwe kwa vizibo wakati wa anodaizi, yabaki alumini tupu. Mstari wa kwanza peke yake ungetosha kisheria, maana unamlazimisha mchongaji kupanua tundu kabla. Lakini utando hautoki na unene uleule kila mahali, na ndani ya tundu mtu anaweza kukosea kwa mikroni chache ambazo wewe huna. Kuziba ni salama zaidi, na ni kazi wanayoifanya kila siku. Kisha chora mshale unaokwenda moja kwa moja kwenye tundu. Maelezo ya pembeni watu huyaruka. Mshale unaogusa tundu haurukwi na mtu.

Je, kama umechelewa na vimeshapakwa? Bado havijawa vyuma chakavu. Vikifika, mtu yeyote asiguse nyundo. Pima vitano kwanza, kwa maikromita ya ndani au geji ya tundu. Kalipa ya venia usiitegemee, kwa kuwa ya kawaida inasoma kwa hatua za mikroni 20 au 50, na kosa lako lote linaweza kujificha ndani ya hatua moja. Halafu mkae na yule mzee mkerezaji. Tundu linaweza kufunguliwa upya kwa kukereza, mradi kipande kifungwe vizuri, kinyooshwe kwa geji ya saa, na matundu yote mawili yakerezwe bila kukifungua, maana yakiacha kuwa kwenye mstari mmoja umetatua tatizo moja na kuzaa jingine. Tumieni kisu cha kabaidi. Oksaidi ya alumini ni jamii moja na mawe ya kunolea, rima (kifaa cha kupanulia tundu) ya chuma cha kawaida itapoteza makali mapema. Ni kazi ya siku kadhaa na itawachosha, ila milioni 5 hazitakuwa zimezama.

Nije kwenye hofu ya mshahara, kwa sababu mama yuko Muheza na ada inasubiri, na hofu hiyo ni ya kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara wako kwa hasara hivihivi. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lako kazini, akuandikie chanzo chake, kiasi na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, asizidishe kiasi halisi, na makato yote yasivuke robo ya ujira wako. Ukikatwa bila hayo, mlango upo: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikuambii uingie ofisini na kifungu mkononi kama rungu. Nakuambia ili ulale.

Na kosa ni la nani? Nitasema wazi. Yeye alibadilisha mchoro kwa WhatsApp usiku. Wewe ulichapa ulichoambiwa bila kuuliza utando unagusa nini. Yeye tena akasaini bila kusoma. Hayo ni makosa matatu, moja ni lako. Lako libebe lote, mengine usiyabebe. Yule kaka anadhani sahihi ya "Amekagua" ni mwavuli wa aliyechora. Jina lako nalo lipo kwenye kisanduku hichohicho, mstari wa juu yake. Umelijua kosa, na mhandisi hajalijua. Kuanzia Alhamisi usiku hilo ndilo linalowatofautisha.

Wiki moja baadaye, moto ukishatulia, mwombe mhandisi wako dakika 20. Pendekeza kwamba badiliko lolote baada ya sampuli, hata la rangi, liandikwe kwenye mchoro na litolewe kipande kimoja cha majaribio kilichokamilika, kimepakwa, kimewekwa beringi, kabla ya kuagiza 40. Kampuni ya watu kumi na mmoja haihitaji idara ya ukaguzi, inahitaji tabia hiyo tu. Akikupuuza mara ya kwanza, rudia. Akikupuuza mwaka mzima na kila kosa likaendelea kukurudia wewe, hapo tutazungumza habari ya kuondoka, na nitakusaidia kuandika barua. Kuondoka sasa, kabla mzigo haujafika, ni kumwachia mtu mwingine tundu lako bila kumwambia. Sikushauri.

Limebaki lile la "mchoraji tu." Mwanangu, neno hili limenichosha kulisikia. Fungua mchoro wa mwisho wa mkono wowote wa roboti, mathalani ule wa Universal Robots wa Denmark, pale kishikio kinapofungwa. Utakuta duara la milimita 50, matundu manne ya skrubu za M6, tundu moja la pini la milimita 6 H7, na ukingo wa milimita 63. Vipimo hivyo vimo kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 9409-1. Kwa sababu watu walikaa wakakubaliana juu ya vipimo hivyo na kuvichora vizuri, kishikio kilichotengenezwa nchi moja kinafungwa kwenye mkono uliotengenezwa nchi nyingine na watu wasiowahi kuonana. Hiyo ni kazi ya mchoraji. Kila unapochagua toleransi ya H7 badala ya H8 iliyo pana zaidi unaamua fundi atumie dakika ngapi na kampuni ilipe shilingi ngapi. Anayefanya maamuzi hayo ni mhandisi.

Ila yafanye ukijua unaongea na nani. Yule fundi wa Shenzhen hakujui, hawezi kukupigia, hakuona jinsi beringi ilivyokaa kwa kidole gumba. Ana karatasi yako tu. Alichokikuta ni amri ya kupaka, na angepaka, na asingekuwa na kosa.

Shahada yako inakupa haki ya kuomba usajili kama mhandisi mhitimu kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kama hujaomba, omba mwezi huu, na ulizia ule mpango wao wa mafunzo kazini wa miaka mitatu. Unafanya kazi chini ya mhandisi mlezi na unaandika kumbukumbu za ulichokifanya. Kumbukumbu yako ya kwanza unayo tayari: toleo B, toleo C, na zile mikroni 50. Iandike na hesabu zake, usiipambe. Siku utakapokaa mbele ya wanaokuhoji, ukurasa huo utaongea kuliko kurasa kumi za sehemu zilizotoka vizuri.

Jambo la mwisho, na hili usilisahau katika pilikapilika za barua za China. Yule mzee mwenye miwani ya uzi alikuuliza swali ukamcheka. Hakukusukuma, alinyamaza, maana miaka imemfundisha kwamba watu wa ghorofani hawapendi kuulizwa. Shuka kesho na chai, safari hii vikombe viwili. Mwambie, "Mzee, uliniuliza kama ile rangi inaingia mpaka ndani ya tundu. Inaingia." Halafu mfungulie toleo C palepale mezani, umwombe aweke kidole kila mahali asipopaelewa, kabla hujalituma.